Jina la Lugendo

Mzee Stambuli alikuwa amelala chini ya ngazi ya mbao, na aliyemuua alikuwa amemlaza vizuri.

Hilo ndilo lililomkosesha raha Inspekta Angelina Rweyongeza tangu alipoinama juu ya maiti. Damu ilikuwa kisogoni na kwenye ukingo wa jiwe lililowekwa chini ya ngazi hiyo. Lakini macho ya marehemu yalikuwa yamefumbwa. Taya lilikuwa limefungwa kwa leso yake mwenyewe, na vidole gumba vya miguu vilikuwa vimeunganishwa kwa utepe uliochanwa kwenye leso hiyohiyo.

"Afande," Sajenti Mansuri alinong'ona, "huyu kalazwa ubavu wa kulia. Kaelekezwa kibla."

"Una hakika?"

"Mimi mtoto wa Mwembesongo, nazika watu tangu nina miaka kumi na tano. Muuaji kamtendea kama mtu aliyefia kitandani kwake."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kale, nyuma ya soko la Morogoro: chini duka lililofungwa siku nyingi, juu vyumba viwili vyenye madirisha ya mbao. Watu wa mjini waliiita nyumba ya Lugendo. Barazani wageni wanane wenye kofia za jua walikuwa wamekaa kimya, chupa za maji mkononi, hakuna anayekunywa. Walikuja kutembezwa kwa miguu katika mji wa kale. Kituo cha nne wakakuta maiti.

Marehemu alikuwa karani mstaafu wa reli, mwenye miaka sabini na miwili. Kwa miaka tisa amekuwa akiwatembeza watu kila Jumamosi, akisimama mahali patano na kila mahali akisimulia kisa chake. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Evance, kijana wa Gairo, ambaye ndiye aliyepokea simu za wageni na kuwasemesha Kiingereza. Leo mzee hakutokea stesheni. Evance akaanza mwenyewe.

"Mlango wa nyuma uliukuta wazi?" Inspekta alimwuliza.

"Wazi, afande. Kufuli linaning'inia."

"Ufunguo anao nani?"

"Mzee alikuwa nao mmoja. Mwingine uko kwa wenye nyumba. Mwalimu Hafidhi."

"Ulimgusa maiti?"

"Nilimshika bega. Nikashika na ngazi, nilitaka kuanguka."

Alisema kweli. Mtaalamu wa alama za vidole alizikuta alama zake kwenye mbao za ngazi, na daktari akasema mzee amefariki kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Muda huo Evance alikuwa peke yake chumbani kwake, akipiga pasi shati. Hana shahidi.

Kisha ikafunguliwa simu ya marehemu. Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa Evance, Ijumaa jioni: *Mzee ukibadilisha kituo cha nne umetumaliza sote. Nakuomba usinilazimishe nifanye nisilolitaka.*

Saa saba mchana Evance alikuwa mahabusu bila mkanda wala viatu.

* * *

"Kesi imekwisha hii," alisema Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, akilifunga jalada. "Ugomvi upo, vidole vipo, shahidi wa muda ule hana. Jumatatu saa tatu anapandishwa mahakamani."

"Na kile kibla, mkuu?"

"Kakaa na Waislamu miaka minne. Kaona misiba mingapi? Mbona hukai?"

Inspekta Angelina hakuwa amekaa. Alikuwa akienda dirishani na kurudi.

"Nipe hadi Jumatatu hiyo, mkuu."

"Nimekupa. Lakini mauaji hayana dhamana, unalijua hilo. Akishapanda, amepanda."

Alilijua. Miaka sita nyuma, katika mkoa mwingine, aliandika jalada lililonyooka kama hili juu ya kijana aitwaye Ezekiel. Kijana yule alikaa rumande miezi kumi na minne mpaka mtu mwingine alipokiri. Alipotoka, mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakuna aliyemkaripia Angelina. Jalada lilikuwa sawa kila ukurasa. Lakini tangu hapo hakumaliza rozari hata moja bila jina la Ezekiel kukatiza katikati ya Salamu Maria, na kila jalada lililonyooka lilimtia homa.

Alishuka mahabusu.

"Evance, vaa viatu. Unanitembeza."

"Nakutembeza wapi, afande?"

"Mji wa kale. Vituo vyote vitano, kama unavyowatembeza wageni. Usiruke neno."

* * *

Walianzia stesheni ya reli, jua la saa tisa likiwachoma utosi. Evance mbele, pingu mkononi zimefunikwa kwa koti. Inspekta kando yake. Sajenti Mansuri nyuma akihema.

"Hapa huwa naomba watu wapake mafuta ya jua," Evance alisema, akijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka. Akakohoa. "Mzee alikuwa anasema: mji huu ulikuja kwa miguu kabla haujaja kwa reli. Wapagazi walipumzika kando ya mto, kwa sababu maji ya mlimani hayakauki. Reli ilipofika iliwakuta watu wanauza ndizi."

"Hiyo aliipata wapi?"

"Kwa wazee. Aliandika kila kitu kwenye daftari lake kubwa. Ameshona madaftari saba pamoja kwa uzi wa viatu. Hata kusali alikuwa nalo."

Inspekta alisimama. "Daftari hilo liko wapi?"

"Si mmelichukua nyinyi?"

Inspekta na Sajenti walitazamana. Katika orodha ya vitu vya marehemu palikuwa na simu, funguo, tasbihi na shilingi elfu nne. Daftari halikuwamo.

Wakapita kwenye jengo la boma la Wajerumani, kituo cha pili, Evance akaeleza kuta zake bila moyo. Wakaingia mtaa wa maduka ya zamani, ambako juu ya kila mlango kuna mwaka uliochorwa kwenye saruji. Hicho ndicho kituo cha tatu. Mbele ya duka la kofia alikaa mtu mnene mwenye msuli.

"Evance!" alipaza sauti. "Leo umepata wateja wanaokushika mkono! Au ndiyo huduma mpya?"

"Abdulatif, niache."

"Nikuache wapi, na wewe hujanilipia ile kofia? Karibu bibi afande. Kiti hiki."

"Asante, nimesimama," alisema Inspekta. "Jana na leo ulimwona Mzee Stambuli?"

"Leo. Kapita hapa baada ya swala ya alfajiri, daftari kwapani. Nikamwambia, mzee, mbona mapema, wageni wako si wa saa mbili? Akasema, 'Nina mtu wa kumwomba radhi kwanza, kabla sijawaambia wengine.'"

"Mtu gani?"

"Hakusema. Na Stambuli asiposema, hasemi."

"Mbona askari wangu hukuwaambia haya asubuhi?"

"Waliniuliza nimemwona Evance. Nikasema sijamwona. Wakaondoka. Mimi nijibu swali sijaulizwa, nataka makubwa?"

Sajenti Mansuri alitazama viatu vyake.

Nyumba ya Lugendo ilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Walipofika kwenye ngazi Evance alitaka kurudi nyuma, lakini Inspekta hakumwachia.

"Kisa. Kama kilivyo."

"Hiki ndicho kisa chetu kikubwa," Evance alisema kwa sauti ndogo. "Watu wanalia hapa. Enzi za mkoloni, watu wa mlimani walilazimishwa kuchimba matuta mashambani mwao. Walipokataa wakawindwa. Watu saba wakashuka mjini usiku, na mzee mmoja, Lugendo, akawaficha humu juu, akawalisha. Wakakamatwa baadaye, lakini yeye hakumtaja mtu. Ndiye shujaa wetu. Mzee alikuwa anawavulisha wageni kofia."

"Na alitaka kubadilisha nini?"

"Hakuniambia, afande. Ijumaa alinipigia akasema, kituo cha nne kesho tutakisema upya, nimekuwa nikidanganya watu miaka tisa bila kujua. Nikamwambia tutakimbiza wageni. Nikaandika ule ujumbe. Nilimaanisha nitaacha kazi. Wallahi, nilimaanisha nitaacha kazi."

"Unaapa wallahi na wewe Mkristo?"

"Nimezoea, afande."

"Kibla kiko wapi hapa?"

Evance aligeuka huku na huku. Akanyoosha mikono yake yenye pingu kule jua linakochomozea. "Si huku? Mashariki?"

Sajenti Mansuri aliguna. Kibla kilikuwa kushoto kwake, kaskazini, kule walikoukuta uso wa Mzee Stambuli.

"Anaweza kujifanya," Sajenti alisema walipokwisha kumrudisha mahabusu, kituo cha tano hawakukifikia.

"Anaweza," alijibu Inspekta. "Lakini daftari hakulila. Aliyenalo ndiye aliyekuwa pale, na tusipolipata kabla ya Jumatatu, kijana huyu anaingia ndani kwa miaka."

* * *

Walimkuta Mwalimu Hafidhi nje ya chumba cha maiti, akisubiri mwili utolewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mrefu, kanzu safi, mkoba wa ngozi begani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Poleni na msiba, mwalimu."

"Tumeshapoa, Inspekta. Huyu alikuwa baba yangu, ila hakunizaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma saa, stesheni pale. Kesho tunamzika kwao mlimani, Towero, baada ya adhuhuri."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Towero. Na mama yangu."

"Mama yako alikuona?"

"Alikuwa amelala."

"Mzee alitaka kubadilisha kisa cha nyumba yenu."

Mwalimu alishika mkanda wa mkoba. "Nani alimwambia?"

"Alimwambia nini?"

"Si... hayo ya kubadilisha. Nani alimtia maneno hayo?"

Inspekta alimuaga. Waliporudi kwenye gari alilizunguka mara mbili kabla ya kuingia.

"Umelisikia swali lake, Mansuri? Mimi ningeuliza, abadilishe kiwe nini. Yeye kauliza nani kamwambia. Kisa kipya anakijua tayari."

"Afande, huyo Jumamosi ijayo anavikwa jina."

"Jina gani?"

"La Lugendo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Lugendo alikuwa mjomba wa mama yake. Akafa, jina akalichukua mjomba wake Hafidhi. Huyo naye kafa mwaka jana. Sasa zamu ni ya mwalimu. Ng'ombe ameshafungwa, wazee wa ukoo wameshaitwa mpaka wa Matombo."

"Anavikwa jina ili aweje?"

"Awe Lugendo, afande. Si kama Lugendo. Lugendo."

Inspekta aliomba hati ya upekuzi jioni ileile. Mkuu wa Upelelezi alimtazama kama mtu aliyepandwa na homa. "Ukapekue nyumba ya mtu anayezika, kwa sababu kauliza swali vibaya? Kazike kwanza na wewe."

Basi akaenda kuzika.

* * *

Gari liliishia njiani. Kutoka hapo walipanda kwa miguu, katikati ya migomba na vijito, mpaka uwanja wa nyumba ya msiba ulipotokea, watu wameketi kwenye mikeka. Inspekta alijitanda mtandio, akakaa na wanawake. Hakudumu. Akasimama karibu na mlango ambapo jeneza lingepitia.

Alikuwa akiomba kimoyomoyo. Hakuwa na maneno mengi: Bwana, kijana yule hana mtu mwingine. Nionyeshe.

Ndipo mtani alipofika.

Mwajuma alikuwa Mzigua wa Turiani, mama wa miaka hamsini mwenye sauti ya kengele, na Wazigua na Waluguru ni watani. Alikuja amevaa kofia ya marehemu na miwani ya marehemu, kijiti mkononi, akitembea kwa hatua fupifupi kama Mzee Stambuli kabisa. Msiba mzima ukaanza kucheka machozi hayajakauka.

"Wageni wangu!" Mwajuma alipaza sauti. "Kituo cha kwanza! Mnaiona stesheni? Niliijenga mimi, na mshahara hawajanilipa! Kituo cha pili! Hili boma Wajerumani walilikimbia kwa sababu Waluguru walikuja kuwauzia ndizi mbichi!"

"Toka hapa, mla panya!" mzee mmoja alimjibu.

"Panya nimewaonjea kwenu! Nyie Waluguru hata kufa hamjui. Mtu kapanda milima sabini na miwili, anakuja kufa kwa ngazi! Jeneza halitoki hapa mpaka nilipwe."

Akaanza kukusanya. Mtani akichukua kitu msibani ni chake mpaka mwenyewe akikomboe kwa chochote kidogo, na hakuna anayekasirika. Alichukua fimbo ya shehe. Shehe akatoa mia tano huku anatabasamu. Alichukua mwavuli, akachukua kandambili za mjumbe. Akamfikia Inspekta.

"Na wewe afande, leta pingu nimfunge maiti, asije akaamka akawatembeza wafu wenzake!"

Inspekta alitoa elfu moja. Watu wakapiga makofi.

Mwajuma akageuka, na kwa mkono mmoja akautwaa mkoba wa ngozi begani mwa Mwalimu Hafidhi.

"Huu wa kwangu! Mwalimu, umebeba nini kizito hivi, madeni ya wanafunzi?"

"Rudisha," alisema Hafidhi.

"Kwa shilingi ngapi?"

"Nimesema rudisha!"

Alimrukia. Akamkamata mkono, akaupinda, na Mwajuma alipozidi kucheka akampiga kofi la uso. Miwani ya marehemu ikaruka, ikaanguka mkekani.

Hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile. Mtani anatukana wafu, analala kaburini, anavaa suruali ya marehemu, na watu wanatoa senti wanashukuru. Mluguru kumpiga mtani wake msibani, tena mwalimu, tena siku sita kabla ya kuvikwa jina la ukoo!

Mwajuma alishika shavu. Hakuwa akitania tena.

"Hafidhi," alisema taratibu, "una nini humu?"

Inspekta alikuwa ameshafika kati yao. "Mwalimu, naufungua mkoba huu mbele ya shehe na mjumbe. Sajenti, andika hati ya ukamataji."

Ndani mlikuwa na msahafu mdogo, taulo na daftari nene lililoshonwa kwa uzi wa viatu. Pembe moja ilikuwa na doa la damu kavu.

Hafidhi hakukimbia. Alilitazama jeneza.

"Niacheni nimzike kwanza," alisema. "Nilikuwa niingie kaburini kumpokea."

"Hapana, mwalimu," alisema Inspekta. "Watampokea wengine."

* * *

Saa kumi na moja jioni walikuwa kituoni. Inspekta alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema laweza kutumika kama ushahidi.

"Nitasema," alijibu Hafidhi. "Nimechoka."

"Nani alimwita mwenzake kwenye ile nyumba?"

"Yeye. Alinipigia Ijumaa usiku. Akasema tuonane baada ya alfajiri, kwenye nyumba ya ukoo wangu, ana neno la kuniomba radhi."

"Alikwambia nini?"

"Hakuniambia. Alinisomea. Kwamba Lugendo aliwaficha wale watu saba ni kweli, na kwamba aliwalisha ni kweli. Halafu kabla hakujapambazuka akaenda mwenyewe bomani. Akarudi na askari. Akawafungulia mlango kwa mkono wake. Aliahidiwa kufanywa mjumbe wa baraza. Wawili kati ya wale saba hawakurudi."

"Na Mzee Stambuli alitaka kuwaambia wageni siku hiyohiyo."

"Alisema hawezi kuwavulisha watu kofia tena mahali pale. Alisema kanijia kwanza kwa sababu mimi ndiye nitakayelibeba."

"Ungeweza kulikataa jina."

Hafidhi aliinua uso. "Wewe si wa huku, Inspekta. Tangu nina miaka minane naitwa Lugendo mdogo. Sijarithi shamba la baba yangu, kwetu haturithi kwa baba. Nilichonacho duniani ni hicho. Nikivikwa, mimi ndiye Lugendo. Wazee wataniamkia kama yeye. Na wajukuu wa wale watu saba nawafundisha darasani! Siku wanasikia, ni mimi niliyewafungulia askari mlango. Mimi, si yeye."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwuliza nani kamwambia. Akasema, hilo sikwambii, nimeapa. Tulikuwa juu ya ngazi. Nikamshika shati. Nikamwuliza tena. Akaniwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto, akasema, 'Tulia, mwanangu, hili nalo litapita.' Nikamsukuma."

Sajenti Mansuri aliacha kuandika.

"Aliishi dakika chache," Hafidhi aliendelea. "Nilimsomea shahada sikioni. Nikamfunga taya. Nikamlaza."

"Ulijua Evance amekamatwa."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilijiambia mtamwachia mkikosa ushahidi. Kila nikisali nilijiambia hivyo."

Inspekta alikwenda mpaka ukutani, akarudi. Yeye naye aliwahi kujiambia hivyo, juu ya Ezekiel.

"Daftari kwa nini hukulichoma?"

"Nilikoka moto. Nikafungua ili nichane ukurasa huo tu. Lakini nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na maneno ya bibi mmoja wa Kilakala, marehemu sasa, juu ya mafuriko ya mto. Na ukurasa wa pili, mtu mwingine. Wote wamekufa. Wamebaki humo tu. Nikaona nimzike nalo, nimwekee ndani ya mwanandani, pembeni yake." Kisha akaegemea meza. "Inspekta, nyinyi mmelisoma. Nani alimwambia?"

Walikuwa wamelisoma. Kila kisa kilikuwa na jina la msimuliaji chini yake. Chini ya kile cha Lugendo mzee aliandika tu: *Mwenye habari ameomba asitajwe.*

"Sijui, mwalimu," alisema. Na ilikuwa kweli.

Mlango uligongwa. Askari wa zamu akachungulia. "Afande, kuna bibi hapa. Kashuka Towero kwa miguu. Anasema anaandikisha maelezo."

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, kanga mbili, miguu yenye vumbi mpaka magotini. Inspekta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Sabra. Huyo mliyemfunga nimemzaa mimi."

"Kaa, bibi. Unataka kueleza nini?"

"Yeye anasema nini humo ndani?"

Inspekta alisita. "Anauliza nani alimwambia Mzee Stambuli."

Bi Sabra aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo aliokuwa akiungoja. "Nipelekeni kwake."

Hafidhi alipomwona mama yake alijaribu kusimama. Bibi akamsukuma bega, akakaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili, pamoja na pingu.

"Ni mimi, Hafidhi."

"Mama, nyamaza. Hujui wanachouliza."

"Ni mimi niliyemwambia. Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba alinipa taa nimulikie njia mpaka bomani, kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Niliisimamisha mlangoni wakati wanatolewa. Mmoja wao aliniambia, usilie, mtoto. Nimekaa na hiyo miaka yote. Wamekuja wazungu, wamekuja Wahindi, wamevua kofia, na mimi najua." Akavuta pumzi. "Nilitaka ulichukue jina ukilijua. Ukawaombe radhi wale watu, kwa mdomo wa Lugendo mwenyewe, liishe kwenye lukolo letu, kwenye ukoo wetu. Nani mwingine angeweza kuwaomba? Ila kukwambia nilishindwa. Wewe ulikuwa umelipenda mno. Ndiyo nikamtuma Stambuli."

Hafidhi aliinama mpaka paji la uso likagusa pingu. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, na mama yake alikuwa akiyatazama bila kuyagusa.

Maelezo ya Bi Sabra yalijaza kurasa tatu. Alitia dole gumba. Alipotoka, Evance alikuwa kaunta akisaini kitabu, anarudishiwa mkanda wake na simu.

"Mwanangu," bibi alimwambia Inspekta, "wale watu saba, wajukuu wao wengine wako hapahapa mjini. Nakwenda kwao."

"Leo, bibi? Magharibi hiyo inaingia. Subiri kesho, nitakupa gari."

"Siku ile nilikwenda gizani, na nilikuwa mtoto."

Inspekta alitafuta kwenye droo, akatoa tochi.

Evance alikuwa amewasikiliza, mkanda umeingia tundu moja tu. Hakuna aliyemtazamia aseme neno. Alikuwa na haki ya kwenda kulala na kutowaona tena wote wawili, yule mama na yule afande. Alimaliza kufunga mkanda. Akaipokea tochi.

"Nyumba zao nazijua," alisema. "Mzee alinionyesha. Nishike mkono, bibi, hapa kuna ngazi."

"Tuanze na ipi?"

"Ya karibu. Mwendo wa dakika kumi."